Hedifoni za omu 600, simu ya mfukoni na besi iliyonisumbua

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonigharimu. Nilinunua hedifoni za Beyerdynamic DT 880 bila kuangalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Hedifoni hizi hutoka kwa aina tatu, omu 32, 250 na 600, na kwa macho hazitofautiani. Mimi nikaangukia za 600, nikazichomeka kwenye simu kwa furaha yote, nikapandisha sauti hadi mwisho. Muziki ulisikika kama unapigwa nyumba ya tatu. Si kimya kabisa, ila hauna mwili: sauti za waimbaji zipo, matoazi yapo, gitaa la besi limekonda.

Kwa siku kadhaa nililaumu simu, kisha nikazilaumu hedifoni, mwisho nikachukua karatasi. Mtengenezaji anasema hedifoni hizi hutoa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) zikipewa nguvu ya miliwati 1. Nguvu unaipata kwa kuzidisha volti kwa zenyewe, halafu kugawanya kwa omu. Chukua tundu la simu linalotoa nusu volti: kwenye omu 600 hiyo ni kama miliwati 0.4, yaani desibeli 92 pale muziki unapofika kileleni. Rekodi ambayo tofauti yake ya sauti ndogo na kubwa haijabanwa huwa na wastani ulio chini ya kilele kwa desibeli 15 hadi 20. Hapo utaelewa kwa nini nilikuwa nainamisha kichwa kusikiliza.

Hesabu hiyo ikanipa lengo. Nilitaka vilele vya desibeli 110, si kwamba nasikiliza kwa kelele hizo, bali ngoma inapopigwa ghafla isigonge dari. Desibeli 14 juu ya 96 ni miliwati 25, na miliwati 25 kwenye omu 600 zinahitaji karibu volti 3.9. Nguvu yenyewe ni ndogo sana, hata balbu haiwashi. Kinachokosekana kwenye simu ni volti.

Ungetarajia baada ya hapo ninunue kwa akili. Wapi! Nikanunua kijidude cha USB-C cha kuchomekea hedifoni kwenye simu, chepesi kama kifutio, kwenye boksi kimeandikwa volti 4. Nikaona mwenyewe nimeua. Kufika nyumbani nasoma maandishi madogo: volti 4 ni za tundu la balansi la milimita 4.4, lile linalotaka kila sikio liwe na nyaya zake mbili, hili la kawaida la milimita 3.5 linatoa 2. Na waya wa DT 880 umefungwa moja kwa moja kwenye kikombe cha kushoto, hauchomoki, kwa hiyo tundu la balansi halinihusu mpaka nifungue hedifoni na kushika chuma cha kulehemu. Sikuthubutu. Lakini sitakisema vibaya sana: volti 2 zilinifikisha kwenye desibeli 104, na hapo kwa mara ya kwanza nikasikia kwa nini watu huzisifu hedifoni hizi. Usafi wa sauti za juu, nafasi kati ya chombo na chombo. Besi? Ilikuwepo sasa, imenyooka, ina adabu. Mimi nilitaka ile inayogusa kifua kidogo.

Hapa ndipo wengi tunadanganyana. Tunaambiwa hedifoni "zikipewa nguvu ya kutosha" besi itafunguka yenyewe. Nimelijaribu hilo kwa masikio yangu, nikisawazisha ukubwa wa sauti kadiri nilivyoweza, na nasema hapana. Volti zikitosha, besi haipasuki wala haisinyai kwenye vilele, lakini haiongezeki. Hizi ni hedifoni za nusu wazi, hewa inapita nyuma ya kikombe, na mdundo wa chini kabisa unaenda na hewa hiyo. Ukiutaka, lazima uuongeze kwa makusudi.

Ndiyo nikafikia kifaa ninachokitumia sasa, amplifaya ndogo ya betri, unene wa pakiti ya karata, yenye swichi ya besi pembeni. Safari hii sikuangalia miliwati za kwenye boksi hata kidogo. Miliwati 300 zinazotangazwa kwa herufi kubwa huwa zimepimwa kwenye omu 32, na hapo ni volti 3.1 tu, zipeleke kwenye omu 600 zinabaki miliwati 16. Niliuliza swali moja: tundu la kawaida linatoa volti ngapi? Jibu likawa 6.5. Nikalipa.

Swichi ya besi kwa mujibu wa kitabu chake inaongeza desibeli 6. Desibeli 6 ni volti maradufu kwenye sauti hizo za chini, na volti maradufu ni nguvu mara nne. Yaani pale kwenye mdundo mzito, kifaa changu cha 6.5 kinabaki na akiba ya kama 3.25 kwa muziki wenyewe. Kile kijidude cha volti 2 kingebaki na 1, na ndiyo maana nilipojaribu kukipa besi kwa ikwalaiza ya simu (programu ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba) kilirudi kulekule kwenye unyonge. Mwenye hedifoni ngumu kuendesha anayetaka na besi anahesabu mara mbili.

Usiku wa kwanza nilisikiliza hadi saa nane. Gitaa la besi likapata tumbo, ngoma kubwa ikapata mkia. Na jambo ambalo sikulitegemea: nilianza kupunguza sauti. Masikio yetu yanasikia besi vibaya muziki ukiwa chini. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Kwa hiyo zamani nilikuwa napandisha kila kitu ili nipate mdundo, sasa mdundo upo hata sauti ikiwa ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtu anayesikiliza akifanya kazi kama mimi, hiyo si habari ndogo.

Kasoro nazo zipo. Swichi hainyanyui besi ya chini peke yake, hivyo sauti za wanaume zinanenepa, msimulizi wa habari anaongea kama yuko ndani ya pipa. Nikiwa nimetulia naizima, natumia ikwalaiza: naongeza desibeli 4 kwenye mdundo wa chini kabisa tu, chini ya hezi 80, na hapohapo nashusha kiwango cha jumla kwa desibeli 4. Hiyo hatua ya pili usiiruke. Ukiongeza bila kushusha, sauti ya dijitali inagonga mwisho na kupasuka, halafu utalaumu amplifaya bure.

Ukiifunga amplifaya na simu kwa raba, mgongo kwa mgongo, simu ikianza kutafuta mtandao unasikia "tititi-tititi" masikioni. Nimeweka waya mrefu kidogo, nikazitenganisha. Inapata joto pia, na swichi ya besi ikiwa juu betri inaisha haraka kuliko ilivyoandikwa.

Miwani! Nilikaribia kusahau. Navaa miwani, na mikono yake inanyanyua pedi kidogo tu pale juu ya sikio. Siku moja niliivua kusugua macho, besi ikajaa ghafla kiasi cha kunishtua. Nilipobana vikombe kwa viganja ikawa vilevile. Kabla hujatoa hela kwa ajili ya amplifaya, fanya jaribio hilo la bure. Kama pedi zako zimelala, anza na pedi.

Mwenye hedifoni za planari (zenye utando bapa mpana kati ya sumaku) asichukue hesabu zangu jinsi zilivyo. Hizo nyingi zina omu chache lakini zinakula mkondo: HIFIMAN HE-6 ina omu 50 na desibeli 83.5 kwa miliwati, kwa hiyo vilele vyangu vya 110 vingedai karibu miliwati 450. Kifaa changu kina volti za kutosha ila sidhani kingeziendesha kwa amani, na sijapata za kuazima nijaribu.

Sitoki na DT 880 barabarani, wala sikushauri. Vikombe vya nusu wazi vinaingiza ngurumo za injini zote, na ngurumo hizo zinameza besi ileile uliyoihangaikia. "Kubebeka" kwangu ni kutoka mezani kwenda kitandani na kwenye kiti cha barazani, amplifaya ikiwa kwenye mfuko wa shati. Hapo tu naomba walioitengeneza waweke kitufe cha sauti kilicho kigumu zaidi. Juzi niliinama kuokota kalamu, kikazunguka chenyewe, na kwa sekunde moja nikazipata desibeli zangu 110 zote.