Pendulumu darasani: karatasi ya hatua au swali tupu?

Walimu wa fizikia hubishana: umpe mwanafunzi karatasi yenye hatua zote za jaribio la pendulumu (jiwe linalobembea kwenye uzi), au uzi, mawe na swali moja, "Nini hubadilisha muda wa pendulumu?", kisha umwache ahangaike?

Kwa gharama, ngoma droo. Vifaa ni vilevile na simu inapima muda. Kwa ratiba, karatasi inashinda. Swali tupu hula vipindi zaidi, na kusahihisha ni kazi kweli, maana kila kundi lina njia yake.

Ila kwenye kumzoesha mwanafunzi kutokuwa na uhakika, karatasi inapwaya. Anajua jibu la g (kiwango ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka, kinachokokotolewa kutokana na muda wa pendulumu) ni 9.8, basi anapika data. Akianza kuhesabu "moja" badala ya "sifuri" anapoachia jiwe, mizunguko yake 20 (kwenda na kurudi) ni 19 tu, na g inatoka karibu 10.9. Hajiulizi, anafuta na kunakili ya jirani. Kwenye swali tupu hana pa kuchungulia. Uzi wa mita 1, mizunguko 20: sekunde 40.1, kisha 39.8, kisha 40.4. Lazima aamue mwenyewe aandike nini, na kwa nini.

Hatari yake ni kundi kubadilisha jiwe na urefu kwa pamoja, likakwama, mwalimu akakimbilia kutoa jibu. Uliza tu, "Mmebadilisha vitu vingapi?", uondoke mezani.

Darasa la wanafunzi 70, mtihani wa taifa uko mlangoni? Karatasi, lakini ifiche ile 9.8. Kidato cha pili, muhula ungali mchanga? Swali tupu.