Barua ya Parker imenijibu swali la mitutu

Bunduki yangu ni Parker ya mitutu miwili, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), daraja D, yenye mbwa na ndege walionakshiwa ubavuni. Kilichoninyima raha ni mitutu. Namba yake inaiweka mwaka 1890, lakini juu kumeandikwa Titanic Steel, jina la chuma cha pua kisichosokotwa, ambalo kiwanda cha Parker cha Meriden, Connecticut, kilikuwa bado hakijaanza kulitumia. Enzi hizo mitutu ya daraja hili ilikuwa ya Damascus: chuma cha kawaida na cha pua vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja mpaka vikatoa mawimbi. Muuzaji mmoja aliitazama dakika moja tu, akasema ni bunduki ya kuungaunga. Neno lile liliniuma.

Nikaomba barua ya utafiti kwa Parker Gun Collectors Association, chama cha wapenzi wa bunduki hizi huko Marekani. Ukitaka kuomba, kwanza fungua bunduki yako unakili yote: namba iliyo kwenye fremu (mwili wa chuma unaoshika mitutu), iliyo chini ya mitutu, na iliyo kwenye chuma cha kishikio cha mbele, pamoja na alama ya ukubwa wa fremu. Zangu zote tatu zilikuwa namba moja, mwandiko mmoja. Hapo ndipo nilipopata moyo, maana fundi wa uchochoroni hana sababu ya kuhangaika kiasi hicho. Uzito uliogongwa chini ya mitutu nao unakili, ila usishtuke mizani ikikupa pungufu. Ule ni uzito wa kabla ya mitutu kulainishwa kwa tupa mara ya mwisho.

Barua ilipofika niliisoma nimesimama mlangoni. Oda ya kwanza, 1890: mitutu ya Damascus ya inchi 30, midomo yote miwili imebanwa kwa kiwango cha juu ili marisau yasitawanyike upesi, kitako kilichonyooka bila mkunjo wa kushikia. Chini yake mistari mingine miwili: mwaka 1903 bunduki ilirudishwa kiwandani, ikafungwa mitutu mipya ya Titanic ya inchi 28. Kwa hiyo ni kazi ya Parker wenyewe! Na sababu inaeleweka. Baruti isiyo na moshi ilikuwa imeenea, na wawindaji wengi hawakuiamini Damascus kwa baruti hiyo.

Ninachokipenda katika huduma hii ni kwamba wanasoma vitabu vyenyewe vya kiwanda. Kitabu cha stoki, yaani orodha ya bunduki zilizotengenezwa, hukwambia bunduki ilivyotengenezwa, lakini matengenezo ya baadaye yamo kwenye vitabu vya oda, chini ya tarehe ya siku iliporudishwa. Kuyafukua kunahitaji mtu mwenye subira na jicho zuri. Barua nayo haipambi. Imeandika kilichomo, ikaishia hapo.

Mipaka ipo. Si vitabu vyote vilivyosalia, kwa hiyo bunduki nyingine hazitapata jibu hata namba zake zikisomeka vizuri. Na lililofanyika nje ya kiwanda halimo: kitako changu kimekatwa, kifupi kuliko kipimo cha oda, na barua haina la kusema juu ya msumeno huo. Wala barua si cheti cha usalama. Mimi sikuweka risasi hata moja mpaka fundi bunduki alipopima unene wa kuta za mitutu na urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kwa kuwa chemba za zamani mara nyingi ni fupi kuliko risasi za leo.

Naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa aliyeambiwa kwamba bunduki yake imechezewa. Usiiuze kwa hasira kabla ya kuuliza. Nakala ya barua sasa inakaa ndani ya sanduku la bunduki, na mimi nimeanza kuitafuta ile mitutu ya Damascus ya inchi 30, yenye namba kama yangu.