Kope zangu nimezikuta machoni pa mtu

Jina la saluni silitaji. Iko Mwanga, hapa hapa Kigoma, na mwenye nayo tunasalimiana, watoto wetu wamesoma darasa moja. Nikiitaja mtasema nawaharibia riziki. Ila nikinyamaza nitapasuka, kwa hiyo cherehani nimeifunika, wenye vitenge vyao wanisubiri kidogo, niseme.

Nilikuwa na kope. Za kubandika, zile za mkanda mzima, manyoya ya mnyama aitwaye minki, au ndivyo alivyoapa muuzaji, maana Kariakoo kila kitu ni minki. Wifi yangu alinibebea kwenye treni kutoka Dar. Shilingi 12,000. Wapo watakaoguna, eti sokoni za 2,000 zimejaa. Zimejaa kweli. Unazivaa mara moja, ya pili ule uzi wake wa kupaka gundi umekakamaa kama waya, ya tatu zinakuchoma kona ya jicho ukumbini watu wakidhani unamlilia bibi harusi. Hizi zangu nilishazivaa mara 11. Hesabu ninayo, nilikuwa napiga mstari kwa kalamu chini ya kikopo kila nikirudi shughulini. Idd mbili zimo humo.

Watu huniuliza mara 11 zinawezekanaje. Mwenzangu, ni matunzo tu. Nikirudi usiku, hata usingizi ukinikaba vipi, sizivuti. Nalowesha pamba kwa maji ya kutolea mekapu yasiyo na mafuta, nafumba jicho, naiweka hapo mpaka nihesabu thelathini. Kisha nabandua kuanzia kona ya nje nikija ndani, taratibu. Nikihisi ukope wangu wa kuzaliwa unafuata, narudisha pamba. Halafu ndiyo kazi yenyewe, gundi iliyokauka kwenye uzi. Hapo unashika uzi, hushiki nywele. Mimi ni fundi cherehani, kufumua mshono bila kuchana kitambaa ndiyo shule yangu, kwa hiyo kile kibanio cha nyusi mkononi mwangu kinajua kazi. Kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, kwenye uzi tu. Zinakauka juu ya tishu, zinarudi kwenye kikalio chake kilichopinda, maana ukizilaza bapa asubuhi mwinuko wake hauupati. Maskara hazijawahi kuonja. Ukizipaka maskara lazima uzioshe, na huko kuziosha ndiko kunakoziua.

Jirani yangu mmoja wa Gungu alinishauri mawese. Eti yanabandua bila maumivu. Yanabandua, sibishi, mafuta yoyote hulegeza gundi. Lakini kope ikishakunywa mafuta, siku ya pili gundi haishiki, utaikuta kwenye pilau. Na mawese yetu yalivyo mekundu! Acha yabaki na samaki wake mgebuka.

Basi, juzi juzi hapa kulikuwa na sendofu ya mdogo wangu, binti wa mama mkubwa. Siku zote najibandika mwenyewe kwenye kioo cha kabati, siku hiyo nikasema na mimi nikapambwe kama watu. Nikaenda na kikopo changu. Dada wa mekapu nikamwonyesha: mdogo wangu, kope ninazo, usinifungulie mpya. Akasema sawa dada, weka hapo. Nikaweka mezani, nikaenda kuoshwa nywele. Saluni imejaa, wasimamizi watano wa harusi nyingine, kila mmoja anataka kutoka wa kwanza, huku nje bajaji inapiga honi.

Nilipokaa kwenye kiti nikafungua kikopo. Si zangu! Kikopo changu, mistari yangu 11 chini, ndani kope ngumu za plastiki zinang'aa kama nyuzi za kamba ya manila. Nikamwambia, dada, hizi si zangu. Akazitazama, akanitazama. "Ndo hizo hizo, dada. Mwanga tu wa taa." Mwanga wa taa! Nikataka kusimama, simu ikaita, mama mkubwa, gari linaondoka. Nikafumba macho.

Akanibandika kwa gundi ya kubandikia nywele. Ile nyeusi ya wivini. Nimeijua kwa harufu kabla hajaigusisha. Nikauliza, gundi ya kope huna? Akajibu hii inashika mpaka kesho. Inashika, ndiyo, tatizo ni hapo kesho. Ile ni ya kichwani, jamani, tena nyingi zina utomvu wa mpira ambao ngozi za wengine haziuwezi, na hapo unaipaka nusu sentimita kutoka kwenye mboni. Gundi yenyewe ya kope unapaka kwenye uzi, unasubiri ianze kunata, kama sekunde 30, ndipo unaweka. Huyu alibandika mbichi, ikanichuruzika ndani.

Haya, ukumbini. Jicho la kulia linawaka, natabasamu. Ukafika wakati wa kwenda kutunza, tumepanga foleni tunacheza na vitenge mikononi, upande wa waoaji wanakuja kutupokea. Mbele yangu dada mmoja mrefu, gauni la kijani, ananichekea. Nikamtazama machoni. Wallahi nilisahau kucheza.

Kope zangu.

Msiniulize nimejuaje. Kitu nilichokata kwa mkasi wangu nakijua. Ya kushoto niliipunguza kona ya nje kidogo kuliko ya kulia kwa sababu jicho langu la kushoto ni dogo, na katikati yake kuna pengo la vijinywele viwili vilivyotoka mara ya saba. Pengo lile pale, linapepesa mbele yangu. Sasa ungesema nini? "Samahani wifi, hongera kwa mahari, hizo kope ni zangu"? Nikampa kitenge, nikapita.

Kesho yake nikarudi saluni, jicho limevimba kope ya juu nzima, nimevaa miwani ya jua. Sikwenda kugombana. Kweli sikwenda kugombana, nilitaka tu aseme samahani, nimechanganya. Yule dada alikuwa anasuka, hakugeuka hata. Akasema kwa sauti, wateja wote wasikie: "Dada, kope za kurudia ndiyo unazililia hivi? Kope si figo, zinauzwa." Wakacheka. Kuna mama wa Ujiji pale namshonea, naye alicheka.

Kope si figo! Basi mswaki nao si figo, nikuazime wangu? Maana hilo ndilo lililonipandisha hasira kuliko 12,000. Kope ya bandia haiazimwi, hata kwa ndugu, hata ikiwa imesafishwa, kwa sababu inakaa pale pale machozi na matongotongo yanapopita. Macho mekundu yanahama hivyo hivyo. Wa duka la dawa aliyeniuzia dawa yangu alinisema kama mtoto, na mimi niliyeibiwa! Alinikanya na zile za plastiki nisizivae tena. Nikazichoma moto.

Nilipotulia nikaanza kujihukumu. Nani aliniambia niache kikopo mezani? Vikopo vyote vinafanana, yule binti yuko peke yake na vichwa vinane, labda alichanganya kweli, na ule mwanga wa taa ulikuwa aibu tu inasema. Na haki itendeke: mekapu yenyewe alinifanyia ya kuua. Picha ninazo. Rangi imekaa kwenye ngozi yangu kama si rangi, shangazi wa Kasulu alinipita bila kunijua. Mji huu hakuna mkono kama ule. Kwa hiyo siwaambii msiende. Nendeni. Kope zenu zibaki nyumbani, gundi yenu mshike mkononi. Lakini nikikumbuka kile kicheko, hapana, msiende, mkapambwe Mwandiga, mpakwe unga wa muhogo, bora heshima.

Wiki kama mbili zikapita. Nimekaa kibandani, akaingia dada mrefu na kitenge cha doti mbili, anataka sketi na blauzi. Yule yule, bila kope. Jicho la kushoto lina chokea kama punje ya mahindi. Akanitazama, akacheka: "Wewe si ndiye wa foleni ya vitenge? Mekapu yako ilimzidi bibi harusi! Ulipambwa wapi?" Nikamtajia. Akasema kumbe pale pale, hata yeye. Nikameza mate. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, zile kope ulizovaa zilikupendeza, bado unazo?

"Zile? Nilizing'oa nikiwa kwenye bodaboda, zilikuwa zinawasha. Nilizitupa pale Lumumba."

Nilitazama kile kichokea, nikakumbuka pamba zangu zote, spiriti, kuhesabu mpaka thelathini, na sikujua nimwonee huruma au nimuombe radhi. Nikachukua futi. Nikamwambia simama wima, pumua. Kiuno 34.