Nyumba ya Harry na Bess Truman: rais aliyeishi ukweni

Ukienda Independence, Missouri, kutafuta fahari ya ikulu, utatoka umenuna. Nyumba ya Harry Truman, aliyekuwa rais wa Marekani, na mkewe Bess, pale 219 North Delaware, ni nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, kubwa lakini ya kawaida tu, na wala si yeye aliyeijenga. Ilijengwa na babu yake Bess. Truman alipooa Juni 1919 alihamia humo, kwa mama mkwe, na humo ndimo alimorudi baada ya Washington mpaka alipofariki Desemba 1972.

Kwetu mwanamume akikaa ukweni atasemwa wee mpaka wachoke wasemaji. Kwa hiyo mimi habari hiyo ndiyo niliyoifuata, na sikuikosa. Mama mkwe, Madge Wallace, alitoka ukoo wenye nazo. Mkwe alikuwa mkulima, halafu akafungua duka la nguo za kiume Kansas City likafilisika mwaka 1922. Inasemekana mama huyo hakuwahi kuridhika kwamba bintiye ameolewa panapofaa, hata huyo mkwe alipokuwa rais. Na bado alihamia nao White House, akafia humo humo Desemba 1952. Uvumilivu wa Truman, jamani!

Wageni huingizwa kwa vikundi vidogo, watu wanane hivi, kwa hiyo wahini asubuhi kuchukua tiketi. Ziara yenyewe ni fupi. Kwenye korido, kofia na koti la Truman bado vimetundikwa, na kuna chumba cha vitabu ambamo mume na mke walikuwa wakikaa kusoma. Lakini jikoni ndipo niliposimama muda mrefu: meza ndogo yenye uso mwekundu, ya watu wachache tu, hapo ndipo wazee hao wawili walipokula kifungua kinywa. Utaelewa zaidi ukijua kwamba Truman alipotoka madarakani Januari 1953 hakukuwa na pensheni ya marais. Sheria yake ilipitishwa 1958. Yeye alikuwa na ile ya jeshi tu.

Ghorofani hupandi. Wapo waliolalamika kwenye kikundi chetu, mimi sikuona shida, kwa kuwa hivyo ndivyo Bess alivyokuwa, mtu wa kutunza siri zake. Eleanor Roosevelt, mke wa rais aliyetangulia, alizoea kukutana na waandishi wa habari. Bess alipoingia White House mwaka 1945 akaufuta utaratibu huo. Harry alimwandikia barua zaidi ya elfu moja ambazo zipo mpaka leo, za Bess ni chache mno. Husimuliwa kwamba mumewe alimkuta akizichoma, akamsihi afikirie historia, naye akajibu kwamba ndiyo hasa anayoifikiria. Alifariki 1982 akiwa na miaka 97, akaliachia taifa nyumba.

Siku hiyo hiyo pitia na maktaba ya Truman, ambayo pia ni makumbusho yake, si mbali. Wote wawili wamezikwa uani pale, na ndani ya maktaba hiyo ndimo Rais Johnson alimotia saini sheria ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, mwaka 1965, akawapa Harry na Bess kadi mbili za kwanza. Hapo tenga nusu siku nzima. Watoto watapachangamkia zaidi kuliko kwenye nyumba ile, ambako hawaruhusiwi kugusa kitu.