Simu kali ukiwa mwisho wa reli: fundi wa Mwanga anazipanga

Mishahara ikishaingia, kwenye meza yangu hapa Mwanga, Kigoma, huja wateja ambao hawana simu mbovu. Wanakuja na picha. Wameipiga kwenye ukurasa wa muuzaji fulani wa Kariakoo, simu inang'aa, bei imeandikwa kwa nyekundu, wananiuliza: "Fundi, hii vipi?" Wanategemea niongelee kamera. Mimi nauliza kioo chake kikipasuka utakipata wapi.

Kigoma ni mwisho wa reli. Kioo cha simu ya kawaida kipo maduka matatu kutoka hapa nilipokaa. Cha simu kali kinaagizwa Dar: unatuma pesa, unasubiri basi, kikifika na doa unakirudisha kwa basi lile lile, na siku zote hizo unatembea na kitochi. Kwa hiyo mpangilio wangu hautafanana na wa mtu anayekaa jirani na Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nimezipanga kwa mambo ninayoyaona yakiwaumiza watu huku: kioo, laini, chaji, na miaka ambayo simu itaendelea kupata masasisho (update). Kamera nimeiweka mwisho kwa makusudi. Simu yoyote kati ya hizi itapiga picha ya harusi ya mdogo wako vizuri kuliko mpiga picha aliyekodiwa.

Kwanza ubishi wa iPhone na Android, maana watu wanaugeuza kama dini. Zamani uwanjani walikuwa wengi: Nokia na Symbian yake, BlackBerry, Windows. Wote wamekwenda, wamebaki wakubwa wawili. iOS, mfumo unaoendesha iPhone, ni ya Apple peke yake, huikuti kwenye simu ya kampuni nyingine. Android ni ya Google, na ndiyo iliyomo kwenye Samsung, Tecno, Xiaomi, Pixel na wengine wengi. Mtandaoni utasoma sana habari za meseji za buluu (iPhone kwa iPhone) na za kijani (iPhone kwa Android). Hizo waachie Wamarekani, sisi tunaandikiana WhatsApp. Pesa pia si tofauti: M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas zote zina programu pande zote mbili, na ile menyu ya nyota na reli (* na #) inafunguka popote.

Kinachotofautisha kweli, kwa mtu wa huku, ni laini.

Watu wengi ninaowajua Kigoma wana laini mbili, na si kwa maringo. Mtandao unaokamata vizuri mjini unaweza kukuacha ukifika Buhigwe au kijiji cha ziwani, na mfanyabiashara wa dagaa ana laini ya kwake na ya wateja wake. Samsung za daraja la juu zilizotengenezwa kwa soko la kimataifa zina nafasi ya laini mbili za kuchomeka, na juu yake zinapokea eSIM, ile laini isiyo na plastiki. iPhone nyingi zina nafasi moja ya kuchomeka pamoja na eSIM. Zenye nafasi mbili ni zile zilizouzwa China, Hong Kong na Macau. Halafu zipo za Marekani: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la laini kabisa.

Mwalimu mmoja wa Kasulu aliniletea moja ya hizo. Alikuwa ameshatuma pesa, simu imefika kwa basi, safi haina mkwaruzo. Akanikabidhi na kipini: "Nitafutie pa kuchomeka." Niliizungusha mara tatu kwa heshima tu, nilikuwa nimeshajua. Muuzaji hakumdanganya, ila hakumwambia, na yeye hakujua kuuliza. Dawa ilikuwepo, alikwenda duka la mtandao wake akawekewa eSIM kwa alama ya kidole. Wiki mbili baadaye akarudi na lalamiko ambalo sikulisoma kwenye mwongozo wowote: simu ikizima chaji, hawezi kuchomoa laini akaiweka kwenye kitochi cha jirani apokee pesa aliyotumiwa. Mtu anayepitiwa na umeme unaokatika huwezi kumwambia hilo ni jambo dogo.

Jambo jingine la huku, ambalo halihusu aina ya simu. Ukikaa karibu na mpaka, Manyovu au Kagunga, simu inaweza kushika mnara wa Burundi, na kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, saa ya simu nayo inarudi nyuma. Zima ile sehemu ya saa kujirekebisha yenyewe. Simu haijaharibika, usiniletee.

Sasa mpangilio wenyewe.

1. Samsung Galaxy S ya toleo lililopita, hasa S23+ au S24+

Nasema lililopita kwa sababu simu mpya kabisa unalipia sifa. Galaxy S25 ya kawaida ilitangazwa Januari 2025 kwa dola 799 huko Marekani, na kabla haijafika Kigoma imepita ushuru, usafiri na faida ya watu kadhaa. Simu ya S24 ilipotoka Januari 2024, Samsung iliahidi miaka saba ya masasisho, kwa hiyo ina uhai mpaka 2031. S23 iliahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka mitano, yaani hadi 2028, bado inatosha.

Mbona "plus"? Betri. S23 ya kawaida ina mAh 3,900 (kipimo cha ujazo wa betri), S24 ina 4,000. Kwa mtu anayewasha data asubuhi na kurudi nyumbani Gungu saa tatu usiku, hiyo haifiki. S23+ ina 4,700, S24+ ina 4,900. Ultra, ile kubwa kuliko zote, ina 5,000, lakini S23 Ultra kioo chake kimejikunja pembeni, na protekta ya kioo cha kujikunja ni mateso: inaachia kona, vumbi letu jekundu linaingia, mwezi mmoja unarudi kwangu. S24 Ultra walinyoosha kioo. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo.

Nafasi ya memori kadi usiitafute, Samsung waliiondoa kwenye S tangu S21, mwaka 2021. Chukua GB 256 kama unapenda kutunza filamu.

Ukiishika dukani, bonyeza *#0*# kwenye sehemu ya kupigia. Itafunguka menyu ya majaribio: nyekundu, kijani, buluu, kioo kizima rangi moja. Doa, mstari au kivuli cha maandishi ya zamani vitajionyesha hapo. Ukiona mstari hata mmoja mwembamba kama unywele, rudisha. Mstari haupungui.

2. iPhone 15, ikifuatiwa na 13

Nilitaka kuiweka ya kwanza kwa sababu moja: inauzika. Ukikwama ada ya mtoto, iPhone inapata mnunuzi siku hiyo hiyo, Samsung itakaa kwenye status yako wiki nzima. Vioo vyake pia si vigumu kupata kama watu wanavyodhani, ila ni vya daraja nyingi, na vya kopi vinaipa simu nzuri sura ya mgonjwa.

Nimetaja 15 kwa sababu ya chaji. Ilitoka 2023 na tundu la type-C, kwa hiyo kwenye basi au kwa shemeji Uvinza utaazima chaja ya mtu yeyote. Kuanzia 14 kurudi nyuma ni tundu lao la zamani, ukisahau waya umesahau simu. Anayebana bajeti, 13 bado ni chuma, avumilie tu waya.

iPhone nyingi zinazofika huku zimeshatumika, basi zikague hivi. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", utazame namba ya modeli. Ikianza na M iliuzwa mpya, F imekarabatiwa na Apple wenyewe, N ilitolewa kufidia simu iliyoharibika. Herufi za mwisho ni nchi: LL ni Marekani, J ni Japani, ZP ni Hong Kong, CH ni China. LL kwenye 14 au 15 maana yake ndiyo ile isiyo na tundu la laini. J ina tundu, lakini sauti ya kamera yake inaweza kukataa kuzimika, hata msibani italia "kacha". Ukurasa huo huo wa "kuhusu simu" unaonyesha kama kioo, betri au kamera vimewahi kubadilishwa, na kama kifaa kilichowekwa ni halisi.

Kisha afya ya betri. Apple wanasema betri za 14 na za nyuma yake hubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 500, na za 15 baada ya 1,000. Simu ya miaka mitatu ikikuonyesha asilimia 100, usishangilie. Imebadilishwa betri, au kuna mtu ameichezea namba.

Usihangaike na iPhone XR au XS, hata wakikupa kwa bei ya mbuzi. Ni za 2018, na iOS 26 iliyotoka 2025 imeziacha nje. 11 bado imo, lakini iko mlangoni.

3. Simu ya kati, mpya, ndani ya boksi

Najua umekuja kusoma habari za simu kali. Ila nusu ya wanaoniuliza, jibu langu la kweli ni hili. Galaxy A36 na A56 za 2025 zimeahidiwa miaka sita ya masasisho. Tecno Camon na Infinix Note zina betri kubwa, vioo vyake vipo hapa hapa Mwanga, na kampuni mama yao, Transsion ya Shenzhen, imejipatia jina Afrika kwa kamera zinazotoa ngozi nyeusi kama ilivyo, bila kuipaka unga. Simu ya kati mpya inaishinda simu kali iliyochoka, na unapewa risiti na garantii.

Halafu Android inakubali kuwekwa Kiswahili kizima, kuanzia menyu mpaka kuongea ikaandika. Ukimnunulia mama simu, hilo ni kubwa kuliko kamera.

4. Google Pixel

Inaniuma kuiweka hapa. Picha za usiku za Pixel sijaona mfano wake, na kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023 inapata masasisho miaka saba. Lakini karibu zote zinazofika huku ni mtumba wa nje, nyingine zimefungwa kwenye mtandao wa Marekani, na Pixel 10 ya huko nayo haina tundu la laini. Kioo? Nimeshamwambia mteja asubiri, akasubiri mpaka akanunua simu nyingine. Ukiwa na ndugu Dar anayeweza kukuzungukia Kariakoo, ipandishe mpaka namba mbili.

5. Huawei

Mashine nzuri kwa mkono na kwa macho. Tangu vikwazo vya Marekani vya 2019, simu zao mpya haziji na huduma za Google, na mfumo wao wa sasa wa HarmonyOS unaouzwa China haufungui programu za Android moja kwa moja. Wafanyabiashara wanaotoka Guangzhou nazo wanajua wanachofanya. Wewe kama hujui, pita.

Neno kuhusu maji, kwa sababu ya wanaopanda boti Kibirizi. Simu zote kali zimeandikwa IP68, alama ya kuhimili vumbi na maji. iPhone tangu 12 zimepimwa mita 6 kwa dakika 30, Samsung mita 1.5 kwa muda huo huo, ndani ya maji masafi yaliyotulia. Ziwa Tanganyika halijawahi kusikia habari ya kutulia. Tena simu ikishafunguliwa na fundi, hata mimi, ile gundi ya kuzuia maji haiko tena kama mwanzo, na garantii za kampuni hizi hazilipi simu iliyoingia maji. Nunua kifuko cha kuvaa shingoni.

Chaja utanunua mwenyewe. Apple waliacha kuiweka kwenye boksi tangu iPhone 12, Samsung wakafuata na S21. Usiunganishe simu ya milioni na chaja ya elfu tatu, na umeme ukikatika chomoa, uusubiri urudi na utulie ndipo uchomeke. Simu nyingi za "haiingizi chaji" ninazofungua zilikufa dakika ile umeme uliporudi.

Siku ya kununua, bonyeza *#06# uone namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, uzilinganishe na za kwenye boksi, kisha tuma moja kwenda 15090 kwa meseji. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani hiyo. Tangu Juni 2016 simu bandia zinazimwa mtandaoni. Ikijibiwa aina tofauti na unayoishika, imekwisha hiyo. Weka laini yako, piga, pokea, angalia salio, jirekodi sauti uisikilize. Muuzaji wa mkononi mwombe risiti aliyonunulia, na kopi ya kitambulisho chake cha NIDA.

Mwisho mwambie aifute yote mbele yako, iwake upya kama mpya. Hapo kaa kimya utazame kioo. Ikikukaribisha na kukuuliza lugha, endelea mpaka uingie ndani. Ikiomba barua pepe au nenosiri la mmiliki wa zamani na muuzaji akaanza kupiga simu kwa "jamaa yake wa Dar", mrudishie, hata kama mmeshakubaliana bei na amekuletea soda.