Kitabu cha Katiba kwa watoto: Rais ukurasa wa kwanza, watu ukurasa wa tisa

Nianze na bei ya kitabu hiki cha watoto kuhusu Katiba ya Kenya, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na wazazi. Shilingi 650, kurasa 32, jalada laini, michoro ya rangi kila ukurasa. Kwa kitabu cha picha cha Kiswahili kilichochapwa hapa Kenya, bei hiyo haishtui. Lakini kwa mzazi wa Likoni, hapa Mombasa, anayevuka feri alfajiri kwenda kutafuta kibarua, 650 ni unga wa siku kadhaa, kwa hiyo nimekikagua kwa jicho la mtu anayetoa pesa mfukoni mwake. Jina la kitabu na la mchapishaji nimeliacha makusudi. Nimeshawaandikia kuhusu makosa nitakayoyataja, wakanijibu kwa adabu kwamba chapa ya pili iko njiani, na sina haja ya kuwaharibia watu soko. Vitabu vya aina hii vimekuwa vingi madukani, na haya ninayosema yatakusaidia kukagua chochote utakachokishika.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Jioni watoto wa mtaa hukusanyika barazani kwetu tukasoma. Wadogo wana miaka mitano, na mkubwa wao ni msichana wa gredi ya tano ambaye amejipa unaibu bila kuteuliwa na mtu. Kitabu hiki tumekisoma wote pamoja, tena na tena, hadi baadhi yao wanakijua kwa moyo.

Ukurasa wa kwanza ni wa Rais. Amekaa kwenye kiti kikubwa, bendera kulia kwake, suti imenyooka. Ukifungua wa pili utakutana na Naibu wa Rais, kisha Maspika wawili, kisha Jaji Mkuu na wigi lake, kisha gavana. Wananchi wanajitokeza ukurasa wa tisa, nao wamepanga foleni ya kupiga kura, wote wakitazama mbele kama wanaosubiri chanjo.

Sasa chukua Katiba yenyewe, ile tuliyoipitisha kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi Uhuru Park tarehe 27 mwezi huohuo. Inaanza na sisi, watu wa Kenya. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya watu. Rais humpati mpaka sura ya tisa, baada ya ardhi, baada ya haki, baada ya maadili ya viongozi, baada hata ya Bunge. Walioandika Katiba walijua walichokuwa wakikifanya, na mwandishi wetu wa kitabu amekipindua juu chini. Matokeo yake niliyaona siku ya kwanza tu. Niliuliza, haya, Katiba ni ya nani? Kadogo kamoja ka miaka mitano kakajibu bila kufikiri: "Ya Rais!" Na nani atamlaumu? Kitabu ndicho kilichomwambia. Tangu hapo naanzia ukurasa wa tisa, viongozi nawaacha mpaka mwisho, na kitabu kinasomeka vizuri zaidi hivyo. Ukikinunua, fanya vivyo hivyo.

Baada ya hapo mchoraji anaamka, na hapa lazima nimsifu. Kurasa mbili zinazotazamana zina ramani ya kaunti zote 47, kila moja na mnyama wake au mmea wake au kazi ya watu wake, na nambari kama zilivyo katika Jedwali la Kwanza la Katiba. Mombasa ni nambari 1. Kwale 2, Kilifi 3, Tana River 4, Lamu 5. Nairobi ni 47. Watoto wa baraza langu hawajapata furaha kama hiyo. "Nairobi ya mwisho! Nairobi ya mwisho!" Niliwaeleza kwamba hiyo ni orodha tu, hakuna aliyeshindana na mwenzake, lakini nani alikuwa akinisikiliza. Wamejifunza kaunti zote 47 kwa sababu ya ushindi huo wa bure, nami sikuona sababu ya kuwaharibia.

Kuna na ukurasa ambao sikuutarajia kabisa katika kitabu cha watoto: kifungu cha 14, kile kinachosema mtoto akikutwa Kenya, anaonekana hajafika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Mchoraji ameweka mtoto amekaa juu ya gunia la viazi stendi ya matatu, kiatu mguu mmoja, na mama muuza mahindi amemwinamia kumpa hindi la kuchoma. Maneno ni machache: "Hakuna anayejua ametoka wapi. Ni wetu." Baraza lilinyamaza, kisha yakaanza maswali. Je, akiwa na miaka minane na nusu? Je, akiwa mrefu lakini mdogo? Nani atajua umri wake? Naibu wangu akasema watamhesabu meno, kama mbuzi. Tulikaa kwenye ukurasa huo hadi adhana ya magharibi.

Ukurasa wa jina na uraia tangu kuzaliwa, kifungu cha 53, nao umechorwa vizuri, ila umekuwa mwepesi mno kwa watu wa pwani. Mama ana kichanga, karani anatabasamu, cheti cha kuzaliwa kinatoka papo hapo. Kha! Wazazi waliokuwa wamesimama nyuma walicheka kwa sauti. Hapa kwetu tuna watoto wa Kimakonde na wa Kipemba ambao babu zao walizaliwa papa hapa na wakazikwa papa hapa bila kitambulisho. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai watambuliwe kuwa raia. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Kitabu kilichochapwa baada ya hayo kingeweza kuchora safari ile: watu wakitembea kando ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi, mizigo kichwani, karatasi mkononi. Mtoto angeelewa kwamba haki iliyoandikwa bado hufuatwa kwa miguu. Karani anayetabasamu hamfundishi hilo.

Kifungu hichohicho kinataja elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Niliposoma sentensi hiyo, baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliniuliza, "Bure ipi hiyo, mwalimu? Ile ya karatasi za mtihani au ile ya dawati?" Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya watoto. Ukurasa wa maji ni hivyohivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na mchoro una bomba linalobubujika uani. "Ticha, hapa si kwetu," akasema mmoja, na wenzake wakakubali. Kwetu maji huja kwa mkokoteni, kwenye mitungi ya lita ishirini. Mkokoteni ungetosha kuonyesha mahali tulipo na mahali Katiba inapotaka tufike.

Nilipendezwa na baba anayemwogesha mtoto kwenye karai, ukurasa unaosema baba na mama wana wajibu sawa wa kulea, wawe wameoana au la. Wavulana walimcheka baba yule mpaka mmoja wao akasema, "Baba yangu pia huniogesha," na kicheko kikaisha.

Nije sasa kwenye kosa ambalo limenifanya niandike. Ukurasa wa sokoni una mtoto anayenunua mabuyu. Mkononi ana sarafu, na kwenye sarafu hiyo mchoraji ameweka kichwa cha mzee mwenye ndevu. Hatajwi jina, lakini kila Mkenya anajua vichwa vya aina hiyo ni vya nani: ni vya marais. Kitabu cha Katiba, jamani! Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu za Benki Kuu zinaweza kuwa na picha zinazowakilisha Kenya lakini zisiwe na picha ya mtu yeyote. Ni kwa sababu hiyo sarafu mpya zilitoka mwishoni mwa 2018 zikiwa na wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Ukitafuta kitu kimoja cha Katiba ambacho mtoto wa miaka mitano anaweza kukishika, kukinusa na kukipoteza mchangani, ndicho hicho.

Aliyeligundua kosa si mimi. Ni mvulana mdogo aliyekuwa na shilingi kumi ya kachiri mfukoni. Aliitoa, akaiweka juu ya ukurasa, akasema, "Yangu ina simba." Kila mwenye sarafu akatoa yake. Tukapata simba kadhaa, ndovu mmoja, vifaru, na sarafu moja kuukuu yenye kichwa, maana za zamani hazikufutwa, bado tunapewa chenji nazo. Basi tukazipanga barazani, wanyama huku, kichwa kule. Nikawauliza: kwa nini watu waliamua kichwa kitoke, wanyama waingie? Majibu yalikuwa mengi. Mmoja alisema kwa sababu Rais akibadilishwa itabidi pesa zote zitupwe. Mwingine alisema simba haombi kura. Naibu wangu, ambaye hapitwi na jambo, aliomba noti nimwonyeshe. Nikatoa ya hamsini, ya toleo la 2019, akaona jengo la KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, na mbele yake sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta. "Na huyu je?" Ilibidi nimwambie kwamba watu wazima nao waliuliza swali hilo, wakaenda nalo mpaka mahakamani, na noti zikabaki hivyo zilivyo. Hakuridhika. Alishika noti yangu muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Somo zuri kuliko yote tuliyoyapata kwenye kitabu hiki lilitokana na kosa la kitabu. Ndiyo maana nimewaandikia wachapishaji wasilifute tu na kuweka simba wakaenda zao. Waweke sarafu zote mbili, ya zamani na ya sasa, na swali moja chini yake. Watoto watamaliza wenyewe.

Kurasa nne za mwisho zimepewa jina la wajibu wa mtoto. Tandika kitanda. Fagia uwanja. Watii wakubwa. Nyamaza wakubwa wakiongea. Sina ugomvi na kitanda kilichotandikwa, na wajibu wa mtoto upo kweli katika Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kifungu cha 31. Lakini nimeipekua sura ya nne ya Katiba yetu mara nyingi, sijaona mahali palipoandikwa mtoto anyamaze. Kitabu kinapomwambia hivyo chini ya bendera, mtoto ataamini Katiba ndiyo inayomnyamazisha. Kinachonikera zaidi ni kwamba kifungu cha 53 kinamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu, na kitabu kimechora mtoto anayevunja kokoto na msichana anayeozwa mapema, kikakiruka kiboko. Viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Watoto waliniuliza wenyewe, "Na fimbo je, ticha?" Katika kurasa 32 nafasi ya fimbo haikukosekana. Nadhani mwandishi aliogopa walimu, na walimu ndio wateja.

Pengo jingine ni kifungu cha 37: haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Kuabudu kumechorwa, kusema kumechorwa, mazingira safi yamechorwa, lakini maandamano hayamo. Watoto hawa waliona ya Juni 2024 kwenye televisheni na kwenye simu za kaka zao, wakati wa Mswada wa Fedha. Mswada hawaujui, lakini moshi wanaujua. Mtoto aliyeona moshi anahitaji kuambiwa kipi ni haki na kipi si haki, kwa pande zote mbili, raia na polisi. Naibu wangu amechora ukurasa wake mwenyewe: watoto wamepanga mstari, mbele yao afisa wa kaunti mwenye tumbo kubwa, na bango limeandikwa MAJI KILA SIKU. Tumeubandika kwa gundi kati ya ukurasa wa 20 na wa 21, na sasa wadogo wanadhani ulikuwamo tangu kiwandani.

Kuhusu kitabu kama kitu cha kushika: karatasi ni nene na haipitishi rangi, herufi ni kubwa za kutosha kusomwa na aliyekaa safu ya nyuma. Kimebanwa kwa pini mbili, na kwa unyevu wa huku kwetu pini zimeshaanza kutu. Jalada lilipinda pembe mapema. Kivishe karatasi ya nailoni siku hiyohiyo unayokinunua, na ukiweza kishonee uzi katikati.

Umri: wameandika miaka 4 hadi 7. Mimi nasema 5 hadi 10, ila awepo mtu mzima karibu wa kujibu maswali. Mtoto akiachiwa peke yake atabaki na yule Rais wa ukurasa wa kwanza.

Ningekipa nyota tatu kati ya tano, na nusu moja zaidi kwa ajili ya mama muuza mahindi. Kama huna haraka, ngoja chapa ya pili, ufungue kwanza ukurasa wa sokoni uone mtoto ana sarafu gani mkononi. Kama unakitaka sasa, ungana na majirani watatu wanne mnunue kimoja cha mtaa. Duka nililonunua mimi, upande wa mjini, hupunguza bei hadi 550 ukiuliza kwa upole na usiende Jumamosi mchana.