Redio ya saa ya bei nafuu: ipi itakuamsha umeme ukikatika?

Swali la kumuuliza muuzaji wa redio ya saa ni moja: umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa kumi, saa kumi na moja alfajiri itaniamsha? Sauti, rangi, Bluetooth na tundu la kuchajia simu vyote vinafuata baadaye. Kwenye swali hilo ndipo redio nyingi za bei ya chini zinapoanguka, ziwe zimepangwa kwenye vioo vya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Na si kwamba ni mbovu. Zimeundwa hivyo, na jinsi zilivyoundwa unaweza kuiona mwenyewe dukani kabla hujatoa pesa.

Anza kwa kuigeuza redio uangalie tumboni. Ukikuta hakuna kifuniko cha betri kabisa, irudishe. Hiyo ikikosa umeme kwa sekunde chache tu itarudi ikimulika 12:00 na alamu itakuwa imefutika. Ukikuta kifuniko, uliza kinachukua betri gani, maana ziko aina tatu na hazifanyi kazi sawa.

Ya kwanza ni betri bapa ya CR2032, ile ya volti 3 inayofanana na sarafu. Inalinda saa na muda wa alamu, haina nguvu ya kupiga kengele. Umeme ukikatika usiku ukarudi kabla ya kuamka, uko salama. Ukiendelea kukatika hadi asubuhi, utalala. Redio mpya ya aina hii huja na kipande chembamba cha plastiki kilichochomekwa kwenye betri ili isiishe ikiwa ghalani. Kivute kitoke. Wengi hawakivuti, wakilala umeme ukakatika wanasema redio ni feki.

Ya pili ni betri ya mraba ya volti 9. Utaikuta kwenye redio za muundo wa zamani, zile ambazo waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya boksi. Baadhi hupiga kengele kwa betri hiyo, baadhi hapana. Hata inayopiga ina tatizo jingine, nitalieleza hapa chini.

Ya tatu ni betri mbili au tatu za AA au AAA. Kwa nyumba ambayo umeme wake hautabiriki, hii ndiyo ya kununua. Nyingi za aina hii hupiga kengele ya mlio hata ukutani pakiwa giza, na betri zenyewe zinapatikana hata duka la mtaani. Tumia za alikalaini. Zile za bei ya chini kabisa zikikaa miezi mingi bila kutumika huvuja, na maji yake yanakula springi mpaka zinageuka kijani.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwenye namna saa yenyewe inavyohesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa ya watu inapopotelea, hasa kwa bidhaa za mtumba na zile zinazoletwa na ndugu kutoka nje.

Redio ya saa ya zamani haina kifaa chake cha kupima muda. Inahesabu mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hupiga mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Wa Marekani hupiga mara 60. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inasubiri mapigo 60 ndipo ihesabu sekunde moja, na kwetu mapigo 60 huchukua sekunde 1.2. Matokeo yake inachelewa dakika 10 kila saa. Ukiiseti sawasawa saa nne usiku na alamu ukaiweka 5:00, italia saa 12 na dakika 24 asubuhi. Gari la shule limeshapita.

Watu huambiwa wanunue transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110 na tatizo litaisha. Transfoma inashusha volti, haigusi hezi. Redio haitaungua, lakini itaendelea kuchelewa vilevile. Kwa hiyo soma karatasi iliyobandikwa nyuma: unatafuta 220-240V na 50Hz. Ikiandikwa 120V 60Hz peke yake, iache. Za Japani huandikwa 100V, na kwa kuwa nchi hiyo ina maeneo ya hezi 50 na ya hezi 60, baadhi zina kaswichi kadogo chini ka kuchagua 50 au 60. Hiyo saa yake inaweza kwenda sawa huku, mradi uwe na transfoma. Lakini utakwama kwenye redio: bendi ya FM ya Japani iliyozoeleka ni megahezi 76 hadi 90, sisi tuko hadi 108. Aliyewahi kununua gari la kutoka Japani analijua hilo vizuri. Kwenye redio ya kitandani haifai hata kuhangaika.

Jenereta na inveta ya sola nazo huivuruga saa ya aina hii. Jenereta ndogo ya petroli ikizunguka kwa hezi 52 badala ya 50, saa inawahi karibu dakika mbili na nusu kila saa. Inveta ya bei rahisi hutoa umeme wenye mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo huweza kuhesabiwa kama mapigo ya ziada. Umeme ukikatika kabisa na betri ya volti 9 ikashika kazi, saa inabaki inajihesabia kwa kisakiti kidogo cha kubahatisha ambacho kinaweza kukosea dakika kadhaa kwa saa moja. Hilo ndilo tatizo nililolitaja pale juu.

Dawa ya yote haya ni redio yenye kristali ya kwazi ndani, kama ile ya saa ya mkononi. Hiyo hukosea kama dakika moja tu kwa mwezi, uwe na umeme wa aina yoyote. Utaitambuaje bila kuifungua? Angalia adapta. Kama redio inatumia adapta ya nje, soma palipoandikwa OUTPUT: ukiona 5V au 6V ikifuatiwa na alama ya mstari mmoja mnyoofu na vistari vilivyokatika chini yake, huo ni umeme wa DC, hauna mapigo ya kuhesabu, kwa hiyo lazima saa ina kristali yake. Ukiona alama ya wimbi badala ya mistari, bado inahesabu mapigo. Wenye sola nyumbani wapate ile ya 5V inayotumia waya wa USB, wataichomeka kwenye tundu la USB la sola bila kupitia inveta.

Zile za kisasa kutoka Ulaya na Marekani zinazojiseti zenyewe nazo ziangaliwe kwa makini. Kuna zinazosikiliza mawimbi ya saa kutoka Mainflingen, Ujerumani, kwenye kilohezi 77.5. Mawimbi hayo yanafika takriban kilomita 2,000, hayafiki Afrika Mashariki. Redio itatafuta usiku kucha isipate. Nyingine zina kalenda ndani na hujisogeza saa moja mbele au nyuma kufuata majira ya joto ya huko. Sisi hatuna mabadiliko hayo. Kama haina sehemu ya kuzima kazi hiyo, Machi utaamka saa moja kabla ya wakati bila kujua kwa nini.

Kuhusu kuseti alamu. Saa hizi nyingi zinaonyesha masaa 12, na tofauti ya asubuhi na jioni ni kinukta kimoja chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama, pembeni mwa tarakimu. Kwa kawaida kikiwaka ni PM. Ukiweka 5:00 kinukta kikiwa kimewaka, umeiomba ikuamshe saa kumi na moja jioni. Kosa hilo hurudisha dukani redio ambazo hazina ubovu wowote. Wanaopenda kuiseti kwa saa ya Kiswahili, yaani 12:00 iwe mapambazuko, wanaweza, ila saa na alamu vyote viwe kwa hesabu hiyo moja, na kinukta kikaguliwe kwenye vyote viwili. Ukipata yenye masaa 24, chukua hiyo na shaka itakwisha.

Alamu mbili zina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mume anaamka saa kumi na moja, watoto saa kumi na mbili; au Ramadhani, moja ya daku na nyingine ya kazini. Na alamu ya muhimu iwekwe kwenye mlio, usiiweke kwenye redio. Alamu ya redio inategemea kitu kingine: kile kinobu cha sauti. Ukilala umeshusha sauti hadi chini, asubuhi redio itawaka kimya. Na umeme ukiwa umekatika, betri ya akiba kwa kawaida haiwashi redio.

Kwa usikivu, usitarajie makubwa, lakini kuna la kufanya. Ule waya mwembamba unaoning'inia nyuma ndio antena ya FM. Unahitaji kunyooka karibu sentimeta 75. Ukiukunja ukaufunga kwa lastiki kama ulivyokuja kwenye boksi, stesheni zitakwaruza. Unyooshe ukutani kwa solotepu. Antena ya AM iko ndani, kijiti cheusi, kwa hiyo AM inatafutwa kwa kuizungusha redio yenyewe, na uiweke mbali na chaja ya simu na taa za LED. Redio ya Marekani yenye tarakimu ina kasoro ya ziada: inaruka hatua mbili mbili kwenye namba witiri. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, redio hiyo itakupa 98.3 au 98.5. Yenye kinobu cha kuzungusha haina shida hiyo.

Mwanga ni jambo la ladha, ila bluu na nyeupe husumbua usingizi kuliko nyekundu, kwa hiyo chumba cha kulala kipe nyekundu yenye swichi ya kupunguza mwanga. Tundu la kuchajia simu likiandikwa 5V 0.5A au 1A, litachaji simu ya kisasa polepole sana. Spika ni ndogo, inatosha taarifa ya habari.

Majaribio ya dukani yanachukua kama dakika 15, na muuzaji anayekataa kuyafanya umeshamjua. Mwombe achomeke redio na aweke betri. Linganisha saa yake na ya simu yako hadi dakika igeuke pamoja. Weka alamu dakika tatu mbele, kwenye mlio. Chomoa ukutani. Ikilia bila umeme, umepata. Iache imechomolewa jumla ya dakika 10, kisha ichomeke uilinganishe tena na simu. Ikiwa imekosea dakika moja ndani ya hizo 10, katizo la masaa sita litaiharibu kwa dakika 36.

Ukishalinganisha, redio ikiwa bado imechomekwa, bonyeza kitufe cha dakika taratibu kutoka 00 hadi 59, halafu masaa yote, ukitazama tarakimu kwa karibu. Kila tarakimu ina vijiti saba vya mwanga. Kijiti cha juu kikifa, 7 inageuka 1, na saa moja asubuhi itasomeka 1:00. Kijiti cha juu kulia kikifa, 8 inakuwa 6. Cha katikati kikifa, 8 inakuwa 0. Vijiti hivyo huwa havirudi vyenyewe. Vitufe navyo vibonyezwe vyote. Kinachohitaji kukandamizwa sana leo, baada ya miezi michache hakitashika. Kisha chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa jina la bidhaa, kwa sababu waranti bila risiti haitakufikisha popote.

Ikiharibika baadaye, mengi hutengenezeka. Mvumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa chini ni kapasita kubwa iliyokauka, ya maikrofaradi 470 au 1000. Fundi anaibadilisha kwa dakika chache. Redio iliyokufa kabisa baada ya umeme kurudi kwa kishindo, mwambie apime omu kati ya pini mbili za plagi, ikiwa ni ya transfoma ya ndani. Transfoma nzima itasoma mamia ya omu hadi zaidi ya elfu moja. Isiposoma kitu, waya wa transfoma unaopokea umeme wa ukutani umekatika, au ni kifyuzi cha joto kilichofichwa chini ya utepe wa njano, na hicho kinabadilishika. Zenye adapta ni rahisi zaidi: jaribu kwanza adapta nyingine yenye volti zilezile na ncha ileile, kabla hata ya kwenda kwa fundi.

Betri za akiba zibadilishe kila baada ya miezi sita, hata kama zinaonekana nzima. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Na siku ya kubadilisha, usichomoe redio ukutani: ukitoa betri wakati umeme haupo, saa na alamu vyote vinafutika na utaanza upya kuseti.